Somo: Aloi ya titani ya vipandikizi (vipande vinavyowekwa mwilini), kutoka unga hadi kipande

Wengi wakisikia aloi, yaani mchanganyiko wa metali, huwaza chungu cha chuma kilichoyeyuka. Hapa hatuyeyushi titani hata tone (huyeyuka kwa nyuzi 1,668). Tunachanganya unga, tunaukandamiza, kisha tunauchoma chini ya joto hilo hadi chembe zishikane. Mfano wetu ni Ti-6Al-4V, yaani titani yenye asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi, ile ya shina la nyonga bandia. Adui ni oksijeni: daraja la vipandikizi halivuki asilimia 0.13, na ikishaingia haitoki.

Hatua ya 1. Kwa gramu 100 za aloi, pima gramu 93.8 za hidraidi ya titani (titani iliyoungana na hidrojeni) na gramu 10 za aloi mama (alumini 60 kwa vanadi 40). Jumla inazidi 100 makusudi, hizo 3.8 ni hidrojeni itakayotoka tanurini.

Hatua ya 2. Changanya ndani ya chupa iliyojazwa argoni, gesi isiyoungana na titani, na kufungwa. Unga ukishika moto, usimwagie maji wala kupuliza kaboni dioksidi. Weka mchanga mkavu karibu.

Hatua ya 3. Kandamiza kwenye kalibu kwa shinikizo la megapaskali 500 hivi. Kipande kitaonekana kigumu, lakini ukikwaruza ukingo kwa ukucha unamomonyoka kama kashata.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi huharibu. Vuta ombwe, yaani toa hewa yote tanurini, kisha pandisha joto polepole. Kati ya nyuzi 400 na 700 hidrojeni hutoka, na mshale wa geji ya shinikizo utapanda. Subiri ushuke, ukikimbiza, kipande kinapasuka. Endelea hadi 1,250, ukae hapo saa tatu au nne. Usikilaze juu ya alumina (oksidi ya alumini), titani huila. Tumia sahani ya itria (oksidi ya itri). Kisha kipoe humo humo. Mimi niliwahi kufungua mapema kwa njaa ya mchana: vipande vya rangi ya fedha vikawa dhahabu, kisha buluu, nikiviangalia.

Hatua ya 5. Vitundu vilivyobaki huzibwa kwa argoni ya megapaskali 100 kwenye nyuzi 920, saa mbili. Usiruke. Nyufa za uchovu, zinazotokana na mzigo unaojirudia, hupenda kuanzia kwenye kitundu.

MASWALI

Mkuu, mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, si ulikuwa na titani?
Ulikuwa na ilmeniti na rutili, yaani oksidi. Kuipata metali unahitaji klorini, kisha magnesi. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kuta.

Kwa hiyo kila kitundu ni kibaya?
Hapana, dada. Ukakamavu wa aloi hii ni gigapaskali 110 hivi, wa mfupa mgumu 10 hadi 30. Metali ikibeba mzigo wote, mfupa unakaa bure na kukonda. Ndiyo maana wengine huchanganya bikaboneti ya amonia, inayotoweka kwa joto dogo na kuacha matundu ya mikroni mia kadhaa ambamo mfupa huota.

Vanadi haina madhara?
Hofu ipo, ndiyo sababu ya Ti-13Nb-13Zr, aloi yenye niobi na zirkoni badala ya alumini na vanadi. Ila niobi husambaa taratibu, hivyo ongeza muda au joto.

Tanuri langu la vyungu linafika 1,250. Litafaa?
Joto unalo, kaka, ombwe huna. Utaingiza unga wa kijivu, utatoa oksidi, kama hujaunguza banda kwanza.