Simu mbili, kofi moja
Mkirekodi video ya mazoezi ya bendi kwa ajili ya mashabiki, tumieni simu mbili: moja ya picha, nyingine ya sauti tu, ikae mbali na dramu, usawa wa spika ya mwimbaji. Simu zote mbili zikiwa zinarekodi, kabla ya wimbo kuanza, mtu apige makofi mara moja, kwa nguvu, mbele ya kamera. Kwenye programu ya kuhariri pigo hilo huonekana kama mwiba mrefu kwenye mchoro wa sauti ya kila simu. Sogezeni miiba hiyo miwili ikae sambamba, kisha zimeni sauti ya simu ya picha. Shabiki huvumilia picha yenye giza, besi inayokwaruza hapana. Kwa matangazo ya mubashara njia hii haifai, maana sauti huunganishwa na picha baadaye. Na mkirekodi saa nzima mfululizo, sauti huanza kuachana na midomo, kwa hiyo rekodini wimbo mmoja mmoja.