SOMO: Intaneti ya nyumbani hapa Dar, soma kabla ya kuniuliza "ipi nzuri"

Wakuu, heshima kwenu. Kila wiki naulizwa "kaka, mtandao gani mzuri wa nyumbani?" Mzuri ni ule unaoshika kwako, basi. Kinachopaa Sinza, Goba kinaweza kuwa kilio. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia uzi huu.

1. Jua matumizi yenu. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) kwa picha ya HD na 15 kwa 4K. Familia ya kawaida, Mbps 20 zinatosha.

2. Mbps si MB. Mbps ni megabiti, MB ni megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya kwa 8: kifurushi cha 20 kinashusha faili kwa MB 2.5 kwa sekunde. Usiwatukane huduma kwa wateja kwa hilo.

3. Faiba (waya unaoleta intaneti kwa mwanga) ikiwepo, chukua faiba.

4. Hakikisha faiba imefika KWAKO, si mtaani kwako. Hapa ndipo hela yangu ililala. Waya ulikuwa unapita juu ya geti langu, nikalipia kufungiwa kwenye kampuni fulani (siitaji). Fundi akaja, akatazama juu, akaniambia huo wa kupita tu, unakwenda mnarani, haukatwi kwa ajili ya nyumba moja. Kurudishiwa hela ikawa njoo kesho. Kwa hiyo tembea mtaani ukitazama nguzo. Waya mtupu hauna maana kwako. Tafuta kisanduku cha kugawia, ndipo nyaya za majumbani zinapochomekwa. Kukiona tu hakutoshi, matundu huwa machache na yakijaa utasubiri kampuni iongeze. ONYO: usilipe kabla fundi hajaja kukagua na kuthibitisha kuna tundu wazi. ONYO la pili: hela usimpe fundi mkononi, lipa kwenye namba ya kampuni na udai risiti.

5. Hakuna faiba? Ruta ya laini, 4G au 5G. Usinunue kwa kuangalia bango. Azima laini ya mtandao huo, weka kwenye simu, kaa pale ruta itakapokaa, pima kati ya saa mbili na saa nne usiku. Mchana watu wako kazini, mnara umepumzika. Usiku mtaa mzima umerudi na kila mtu yuko YouTube. Kasi utakayoiona hapo ndiyo utakayoishi nayo. Kwenye mipangilio ya simu angalia na nguvu ya mawimbi: -85 dBm ni safi, ikifika -110 jaribu mtandao mwingine.

6. "Bila kikomo" ina kikomo. Uliza ni baada ya GB ngapi kasi inashushwa, na inashushwa mpaka ngapi. Wakuandikie.

7. Ruta ikae juu, katikati ya nyumba. Nyuma ya TV hapana.

MASWALI

Mpangaji wa Goba: Kwa hiyo mkuu ipi nzuri?

— Hatua ya 4. Halafu ya 5.

Mpangaji wa Goba: Sijapata muda wa kusoma yote, nitajie jina tu.

— Na mimi sina muda wa kuja Goba kupima.

Mama Wawili: Asante mwanangu kwa somo. Umeme ukikatika na intaneti inakufa. Huo waya wa faiba nao unatumia umeme wangu?

— Shikamoo mama, swali zuri sana. Waya unabeba mwanga, na kile kisanduku cha nguzoni kwa kawaida hakitumii umeme. Kinachozima ni kifaa cha ndani kwako. Nunua UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba), lakini soma kwanza adapta yako: nyingi ni volti 12, nyingine ni 9. Ukiipa ya 9 umeme wa 12 unaweza kuiunguza. Volti ziwe sawasawa. Angalia na ampea: za UPS ziwe sawa na za adapta au zaidi.

Chuma Tabata: Faiba faiba, mbona Mei 2024 wote tulikaa gizani bila intaneti? Unatupigia debe tu.

— Silipwi na mtu. Tarehe 12 Mei 2024 ziliharibika nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na SEACOM. Waliokuwa na faiba waliyumba, wa laini wakayumba, Kenya nao wakayumba. Hilo halitatuliwi na ruta yako wala yangu.

Dogo wa Chanika: Nilete Starlink, ile intaneti ya setilaiti, kutoka Kenya? Kule wanatumia tangu 2023.

— Uliza TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwanza kama inaruhusiwa kwako. Ukikamatwa na kifaa chake mpakani usinitaje.

Fundi Nyaya: Naongezea. Taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba ikiwaka nyekundu usihangaike kuzima na kuwasha. Mwanga haufiki. Angalia kama waya umebanwa na mlango au umekunjwa kona kali. Ukiwa mzima ndani, lori limeupitia huko nje, piga simu.

— Hii ya mlango waisome wote. Asante fundi.

Mama Wawili: Mwanangu, nimetoka nje kutazama nguzo. Kisanduku kipo, kimeandikwa namba.

— Safi sana mama. Kipige picha namba isomeke, uwatumie kampuni uulize kama kina tundu wazi.