Kuonyesha mwingiliano wa mwanga kwa nyembe mbili na masizi ya kibatari

Mpwa wangu aliye kidato cha nne hapa Lamu alinijia na swali alilotoka nalo darasani: iweje mwanga ukiongezewa mwanga uzae giza? Jambo hilo ndilo liitwalo mwingiliano wa mwanga. Niliona ni afadhali alione jambo lenyewe kuliko kusimuliwa, nasi tukalifanya nyumbani kwa vitu vya dukani.

Vinahitajika nyembe mbili mpya za kunyolea, kipande cha kioo safi kipitishacho mwanga, kibatari, futikamba, na tochi ya leza nyekundu isiyozidi miliwati 5. Leza za kijani za bei rahisi sizipendi, kwa kuwa baadhi yake huvujisha miale ya infraredi ambayo jicho haliioni wala halijikingi nayo. Leza ya rangi yoyote isielekezwe machoni.

Hatua ya kwanza ni chumba. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, lakini ni virefu, na urefu ndio tunaoutaka. Funga madirisha, kisha uchague ukuta uliopakwa chokaa.

Hatua ya pili, pitisha kioo juu ya moshi wa kibatari mpaka kiwe cheusi. Usikitulize mahali pamoja, kitapasuka.

Hatua ya tatu ndiyo iliyotumaliza usiku mzima. Bana nyembe mbili pamoja, makali yakiwa sawasawa, kisha ukwaruze masizi kwa pembe zake, mkwaruzo mmoja tu, ukiongozwa na rula. Unene wa wembe ni takriban milimita 0.1, kwa hiyo mianya miwili itaachana kwa kiasi hicho. Ukirudia mkwaruzo mahali palepale, utapata mwanya mmoja mpana. Ukiuzungusha mkono kidogo, mianya itakaribiana. Na masizi yakiwa mepesi, leza itapenya kote. Wako wanaopendekeza karatasi ya alumini, lakini kingo zake huchanika, nami siishauri.

Kosa letu lilikuwa jingine. Mistari ilitokea ukutani, tukafurahi, kumbe mwanya mmoja ulikuwa umezibwa na masizi yaliyosukumwa na wembe. Mwanya mmoja nao hupanga mistari yake, kwa kuwa mwanga hupinda unapopita penye wembamba: utepe wa katikati huwa na upana maradufu ya zile za pembeni. Mianya miwili huukata utepe huo wa katikati kwa mistari myembamba, yenye nafasi zinazolingana. Ndiyo maana sasa, kabla ya kuwasha leza, nakiinua kioo mbele ya taa na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, na pembeni nakwaruza mwanya mmoja wa kulinganishia.

Hatua ya nne, simamisha leza juu ya vitabu, kwani mkono hutetemeka, uielekeze kwenye mianya. Mwanga husafiri kama mawimbi, na urefu wa wimbi ni umbali wa kutoka kilele hadi kilele kinachofuata. Pale ambapo njia mbili za mwanga zinatofautiana kwa nusu ya urefu huo, kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, na pakawa giza. Hamisha leza kwenye mwanya wa kulinganishia, na palepale penye giza patapata mwanga. Thomas Young wa Uingereza alieleza jambo hili mwaka 1803 kwa mwali wa jua uliogawanywa na ukingo wa kadi nyembamba; sisi tuna leza, kazi ni nyepesi zaidi.

Hatua ya mwisho ni kupima urefu wa wimbi la leza. Pima nafasi 5 za mistari kwa pamoja, ugawe kwa 5, uzidishe kwa umbali kati ya mianya, kisha ugawe kwa umbali wa kutoka kioo hadi ukuta. Kwa mita 4 tulipata sentimita 13.4, yaani 2.68 kwa kila nafasi, na jibu likawa nanomita 670 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Tochi iliandikwa 650. Mpwa wangu alitaka kulifuta jibu; nilimzuia, kwa sababu nyembe zilizopinda kidogo mkononi huikaribianisha mianya, na mianya ikikaribiana mistari hutanuka.