Andika "MAMA" kwenye kombamoyo la kwanza

Ukipaua kwa mkono, usikate makombamoyo (mbao za mshazari zinazobeba mabati) yote kwa mkupuo. Kata mawili, yainue, yakutanishe kwenye mgongo wa paa, kisha uchungulie chini: pengo (ile pembe uliyoichonga upande wa chini wa kombamoyo ili likalie ukuta) limekaa sawasawa juu ya mbao ya ukutani, au kisu kinapita kati yake? Likikaa, moja liandike "MAMA" kwa penseli, na mengine yote yapigie mstari kutoka kwake. Mafundi wengi (nami nimo) tumeharibu kazi kwa kupimia lile tulilotoka kulikata. Kosa la milimita 1 kila mara, ukifika la 20 ni sentimita 2.

Nyumba ya upana wa mita 6, paa likinyanyuka mita 1.5, kila kombamoyo ni mita 3.35, toa nusu ya unene wa ubao wa mgongoni. Upenu ongeza mwenyewe. Pengo lisizidi theluthi ya kina cha ubao.

Na kabla ya kuchora, funga jicho moja, tazama ubao kwa urefu wake. Upande uliobinuka uelekee juu. Uzito wa mabati utaunyoosha taratibu.