Jinsi ya kutafuta mwongozo wa tiba na kuupima kabla ya kuutumia

Anza na mwongozo wa nchi yako. Kwa Tanzania Bara ni ule wa Wizara ya Afya, tunaouita STG (Standard Treatment Guidelines). Toleo la 2021 limeunganishwa na orodha ya taifa ya dawa muhimu. Upakue kwenye tovuti ya wizara yenyewe. Faili linalozunguka WhatsApp laweza kuwa toleo lililokwishapitwa.

Ukikosa jibu humo, nenda WHO (Shirika la Afya Duniani), kisha NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba. Kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kitabibu, andika jina la ugonjwa, halafu kwenye vichujio vya aina ya makala chagua Practice Guideline. Ukielekezwa National Guideline Clearinghouse, hifadhi ya miongozo ya Marekani, achana nayo. Ilifungwa Julai 2018.

Ukishaupata, tazama mwaka kwanza. Hapa ndipo watoto wanapoumia. Mwaka 2015 WHO ilipandisha dozi ya sindano ya artesunate kwa mtoto mwenye malaria kali aliye chini ya kilo 20, kutoka miligramu 2.4 hadi 3 kwa kila kilo. Kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anastahili miligramu 30. Karatasi iliyobandikwa ukutani wodini tangu 2013 itampa 24. Ibandueni.

Kisha uliza pendekezo limesimama juu ya nini. Miongozo mizuri hutumia mfumo wa GRADE, unaopanga ushahidi kuwa wa juu, wa wastani, wa chini au wa chini sana. Artesunate ilichukua nafasi ya kwinini kwa watoto baada ya utafiti uliochapishwa 2010, wenye watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo: walifariki asilimia 8.5 ya waliopewa artesunate, na asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini. Ushahidi wa namna hiyo unatosha kubadili tiba. Maoni ya wataalamu peke yake yana uzito mdogo, hata wakiwa maprofesa.

Mwisho, pima kwa AGREE II, dodoso la kupima ubora wa mwongozo. Ina vipengele 23 katika maeneo 6, kila kimoja alama 1 hadi 7. Msipime chini ya watu wawili, na kila mtu ajaze peke yake kabla ya kulinganisha. Mkibanwa na muda, kaeni zaidi kwenye namna ushahidi ulivyokusanywa, na nani alilipia kazi hiyo.

Peleka nakala ya mwongozo, alama zenu na orodha ya dawa zinazohitajika kwa mganga mfawidhi, aufikishe mbele ya Kamati ya Dawa na Tiba.