Kabla hujanywa dawa ya mtu wa mitishamba

Nauza mitumba soko la Owino, Kampala, na hatua chache kutoka kibanda changu wamekaa kina mama wa magome, mizizi na mumbwa, ule udongo uliokandwa na mitishamba. Kwa hiyo wateja wananiuliza kila siku, "Mama, niende kwa yupi?" Jina simtajii mtu. Namwambia afanye hivi.

Homa? Pima malaria kwanza, damu ya kidole tu. Mululuza, yale majani machungu ya homa, hata ukichacha kwa uchungu hauwezi kukuambia unaumwa nini.

Halafu tia kwenye mfuko vidonge vyote unavyomeza, pamoja na paketi zake, uende navyo. Hapa nasema kwa machungu yangu. Nina presha. Mwaka juzi nilimwendea mzee mmoja kwa ajili ya miguu kuvimba, nikaona haya kumwambia natumia dawa za hospitali. Nikanywa majani yake na vidonge vyangu juu yake. Siku ya tano nikaanguka bombani na jerikeni mkononi. Kliniki wakapima, presha imeshuka mno: 85 kwa 50. Mzee hakuwa na kosa, mimi ndiye niliyeficha. Anayemeza dawa za kisukari au za virusi vya UKIMWI ndiyo kabisa asifiche.

Mtaalamu mzuri anauliza mpaka unachoka: umelalaje, mkojo rangi gani, hedhi lini. Kama una mimba na hajauliza, mwambie. Mumbwa wajawazito wengi wanausugua na maji wakanywa. Usinywe kabla ya kumwuliza mkunga wako.

Ukikuta mtu anakuambia jirani kakuroga hata hujakaa, nyanyuka. Baada ya jirani huja kuku mweupe, baada ya kuku huja mbuzi.

Uliza jina la mti, kwa Kiganda au lugha yoyote. Akisema ni siri ya babu yake, mwambie siri ni yake lakini tumbo ni lako. Uliza na kipimo: kikombe gani, kijiko gani, siku ngapi? Mimi naenda na kijiko changu cha nyumbani, anionyeshe hapo hapo. Unga nusa, ukinuka ukungu, rudisha. Bei mkubaliane kabla hajasaga, maana akishasaga huna mdomo.

Tangu 2019 Uganda ina sheria ya dawa za asili inayotaka waganga wasajiliwe, basi omba kuona karatasi. Ila karatasi inamhusu mtu, haisemi lolote juu ya unga ulio mkononi mwako. Kuchunguza mimea kuna taasisi ya serikali pale Wandegeya, hapa Kampala.

Macho yakiwa manjano, mkojo ukipungua au ukawa kama chai ya rangi, acha dawa siku hiyo hiyo uende hospitali. Majani yaliyobaki usitupe. Daktari akikuuliza umekunywa nini, mpe mfuko.