Kupima MDA kwenye mate ya mgonjwa wa fizi, hatua kwa hatua

Periodontitisi, ule ugonjwa wa fizi unaokula mfupa ulioshikilia jino, ni vita isiyokwisha mdomoni. Seli nyeupe za damu hutoa oksijeni kali ili kuua bakteria, na inayozidi huunguza mafuta ya kuta za seli za mgonjwa mwenyewe. Mabaki ya kuungua huko ni malondialdehidi, au MDA, na hupatikana kwenye mate. Spektrofotomita ya kawaida, mashine inayopima ukali wa rangi kwa mwanga, inatosha kuipima. Majibu yakiharibika, mara nyingi yameharibikia kwenye kiti cha mgonjwa, si kwenye mashine.

Hatua ya 1: Mwandae mgonjwa

Mpe miadi ya asubuhi, kati ya saa 3 na saa 5, na wagonjwa wote waje muda huohuo. Kwa saa 2 kabla, maji matupu tu: asile, asivute sigara, asipige mswaki. Muulize kuhusu kisukari, antibaiotiki za miezi 3 iliyopita na vidonge vya vitamini C au E, kisha uandike.

Taja chai kwa jina lake. Sisi tuliwahi kusema "usile" tu, na watu wakatii: hawakula, ila walikunywa chai ya sukari wakisubiri zamu. Tyubu zetu zilitoka na rangi ya manjano badala ya waridi, kwa sababu sukari nayo hushikana na kitendanishi, ile kemikali ya TBA ya Hatua ya 4 inayoipa MDA rangi ya waridi. Tulimwaga kazi ya asubuhi nzima, na wagonjwa wakalazimika kurudi.

Hatua ya 2: Mate kwanza, kupima fizi baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Daktari akishapitisha kipimo cha kina kwenye fizi zilizovimba, damu inatoka, na himoglobini huchafua usomaji. Chukua mate kabla chombo chochote hakijagusa mdomo.

Mgonjwa asukutue kwa maji, kisha apumzike dakika 10. Akae wima, ainamishe kichwa. Mimi humwambia: "Mama, usiteme wala usikohoe. Acha mate yajikusanye, halafu yatiririke yenyewe kwenye tyubu." Tyubu iwe imesimama kwenye barafu. Anza saa ya kusimamisha na umpe dakika 5 kamili. Mililita ulizopata ukigawa kwa dakika, umepata kasi ya mate. Chini ya 0.1 kwa dakika, huyo mdomo wake ni mkavu, na lazima ijulikane.

Inua tyubu kwenye mwanga. Ukiona uzi mwekundu hata mwembamba kama nywele, usiitumie sampuli hiyo. Mpangie siku nyingine.

Hatua ya 3: Zungusha, gawa, gandisha

Zungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi, kwa nyuzi 4, dakika 15, ili seli na uchafu vizame. Chukua maji ya juu tu. Seli zikigandishwa pamoja na mate zitapasuka, na utapima vilivyokuwa ndani yake. Gawa nusu mililita kwa kila kichupa ili usiyeyushe sampuli moja mara mbili, kisha weka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hatua ya 4: Chemsha na TBA

Changanya mililita 0.5 ya mate na mililita 1 ya asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 20, uzungushe ili protini ishuke. Mililita 1 ya maji ya juu iongezee kiasi hichohicho cha asidi ya thiobabituriki, yaani TBA, ya asilimia 0.67, na kemikali ya BHT kidogo kuzuia mafuta yasiendelee kuungua wakati wa kuchemsha. Weka kwenye nyuzi 95 kwa dakika 60, kisha poza kwenye barafu. Viwango vya kulinganishia, kuanzia sifuri hadi mikromoli 5 kwa lita, vipite njia hiyohiyo pamoja na sampuli.

Rangi inayotakiwa ni waridi, kama juisi ya choya iliyozidishiwa maji. Soma kwenye nanomita 532. Rangi ikiwa hafifu mno, ivute kwa butanoli ndipo usome.

Hatua ya 5: Soma namba kwa uangalifu

Andika MDA kwa mililita na pia kwa dakika, kwa kutumia ile kasi ya mate. Mgonjwa mwenye mate machache anaweza kuonekana ana MDA nyingi kwa sababu tu maji yamepungua.

TBA hushikana na vitu vingine zaidi ya MDA, kwa hiyo usimwambie mtu ana periodontitisi kwa namba hii peke yake. Utambuzi unabaki kwenye kina cha mifuko ya fizi na picha ya eksirei. Ukipima pia nguvu ya jumla ya kupambana na oksijeni kali, kumbuka kwamba sehemu kubwa yake kwenye mate ni asidi ya yuriki, ambayo hupanda na nyama na bia.

Namba hii ninaithamini zaidi katika kumfuatilia mtu yuleyule: pima kabla ya kusafisha ugaga, kisha rudia miezi 3 baadaye, saa ileile, kwa namna ileile.